Kauli "Haitambui": Diski ya Nje, Tarakilishi na Data ya Nyanjani

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hurejea kutoka nyanjani na mali mbili: daftari na sauti. Daftari likilowa mvua huanikwa juani, na hata wino ukisambaa bado kuna maneno yatakayosomeka. Sauti ina mambo yake. Siku hizi haikai tena katika kanda. Hukaa katika diski ya nje, kijisanduku kinachoenea kiganjani na ambacho huunganishwa na tarakilishi kwa waya wa USB. Siku ambayo tarakilishi inakataa kukiona kijisanduku hicho, mtafiti hana pa kuanika.

Makala hii inanuia kueleza namna ya kuichunguza diski ya nje ambayo imeunganishwa na tarakilishi nayo tarakilishi ikawa kana kwamba haikuletewa kitu. Yamkini msomaji atauliza mada ya kifundi kama hii inatafuta nini katika jarida la chama cha Kiswahili. Jibu langu la kwanza ni kwamba data yetu imo humo, na msimamizi wa tasnifu hapokei udhuru wa waya. Jibu la pili ndilo lililonisukuma kuandika: sehemu kubwa ya hasara ninayoieleza hapa haikuanzia katika chombo. Ilianzia katika neno. Tunasema "haitambui" kwa hali tano au sita zisizohusiana, kisha tunakimbilia tiba moja kwa zote.

Kuhusu istilahi, nitatumia tarakilishi kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka katika madarasa yetu ya Kenya, ingawa wenzetu wa Tanzania watapendelea kompyuta. Mafundi wa mjini hawana haja na lolote kati ya maneno tuliyoyapigania semina nzima. Wao husema "mashine", na kazi inakwenda.

Kisa chenyewe

Mwaka 2019 nilikaa majuma sita katika Kisiwa cha Pate nikirekodi nyimbo za wanawake: za harusi, za kubembeleza watoto na chache za kazi. Nilikuwa na kinasasauti kidogo chenye kadi moja tu. Kila jioni nilihamisha rekodi za siku hiyo hadi kwenye diski ya nje kwa kutumia kipakatalishi cha kuazima, kisha nikaifuta kadi ili ipate nafasi ya kesho. Faili za aina ya WAV ni kubwa. Saa moja ya sauti yenye kiwango cha CD huchukua takribani megabaiti 600. Kufikia siku ya kuondoka nilikuwa na saa 31 za sauti, na zote zilikuwa mahali pamoja tu duniani.

Siku hiyo boti ilikuwa inangoja na maji yalikuwa yakipwa. Rekodi ya mwisho ilikuwa bado inanakiliwa. Nikauchomoa waya, nikatia diski mkobani, nikakimbia. Waya wenyewe, kama nilivyokuja kugundua, niliusahau katika nyumba niliyofikia.

Nilipofika chuoni nilichukua waya wa kuchajia simu kwa sababu kichwa chake kiliingia sawasawa katika tundu la diski. Taa ikawaka. Diski ikanguruma taratibu kama ilivyo ada yake. Tarakilishi haikusema lolote. Mwenzangu wa bwenini akatazama, akatoa hukumu: "Haitambui." Nilimpelekea fundi mmoja mjini, akatumia waya uleule, akasema diski imekufa. Fundi wa pili alikuwa na waya ufaao. Mara hii tarakilishi ilitoa ujumbe: ili kuitumia diski hii sharti kwanza uifomati, je, wataka kuifomati? Kidole cha fundi kilikuwa tayari juu ya kipanya. Nilimshika mkono.

Kabla ya mwezi huo kwisha nilipigiwa simu kuarifiwa kwamba mmoja wa mabibi walioniimbia amefariki.

Uchanganuzi wa kitenzi

Kitenzi tambua kina jamaa kubwa. Tukisema diski haitambuliwi, tumetumia kauli ya kutendwa, na lawama imekaa kwa mtenda, yaani tarakilishi. Tukisema haitambuliki, tumeingia kauli ya kutendeka, na kasoro sasa ni sifa ya diski yenyewe. Lakini iko kauli nyingine ambayo fundi wala mwanafunzi haitumii, nayo ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kinachotokea ndani ya waya: diski haijajitambulisha.

Utaratibu wa USB, ambao toleo lake la kwanza lilitangazwa mwaka 1996, unafanana na adabu za mgeni mlangoni. Mgeni hubisha hodi: diski ikipata umeme hubadilisha hali ya umeme katika nyaya za data, na tarakilishi ikahisi kwamba kuna kitu kimefika. Mwenyeji huuliza: nani? Diski hujibu kwa kutaja nambari ya mtengenezaji wake, nambari ya bidhaa, aina ya kazi inayoifanya na kiasi cha umeme inachohitaji. Mwenyeji humpa anwani ya muda, humtafutia programu ya kumhudumia, kisha humuuliza amebeba nini. Hapo ndipo orodha ya sehemu za diski husomwa, kila sehemu ikapewa herufi yake, na faili zikaonekana. Yote haya huchukua sekunde chache, nasi tunayaita kwa neno moja, kutambua.

Mlolongo huo unaweza kukatika katika kiungo chochote. Kazi ya mchunguzi ni kujua umekatikia wapi kabla ya kugusa kitu. Naona tunalijua jambo hili vyema katika isimu: hakuna anayesahihisha sentensi kabla ya kujua kama kosa ni la kimofolojia au la kisintaksia.

Mgeni asiye na nguvu za kubisha

Kiungo cha kwanza ni umeme. Ikiwa taa haiwaki na mkono uliowekwa juu ya diski hauhisi mtetemo wowote, hakuna haja ya kufungua programu yoyote. Badilisha waya. Badilisha tundu. Jaribu tarakilishi nyingine. Hatua hizi zinaonekana za kitoto na ndiyo maana hurukwa.

Diski ndogo za kubeba, zile za inchi 2.5, hazina chanzo chao cha umeme. Hunyonya kutoka kwa tarakilishi. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900. Diski inapoanza kuzunguka huhitaji mkondo mkubwa kuliko inapokuwa imeshashika kasi, kama vile mkokoteni unavyohitaji msukumo zaidi mwanzoni. Kwa hiyo diski nzima inaweza kushindwa kuanza kwa sababu tu imechomekwa katika tundu dhaifu, au katika kile kigawanyaji cha matundu manne ambacho tayari kimebeba kipanya, printa na simu ya mtu. Katika tarakilishi kubwa za maabara, tumia matundu ya nyuma, kwani hayo yako kwenye bodi kuu yenyewe ilhali ya mbele hufikiwa kwa waya wa ndani. Diski kubwa za inchi 3.5 zina adapta yao ya umeme wa ukutani, na adapta hizo huungua kwa urahisi umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Kabla ya kuizika diski kubwa, azima adapta yenye volti zilezile. Ya volti tofauti usiijaribu hata kwa dakika moja.

Mgeni mwenye nguvu asiye na ulimi

Hapa ndipo nilipokuwa mimi. Taa inawaka, diski inazunguka, tarakilishi kimya. Waya wa USB wa kawaida una nyaya mbili za umeme na nyingine za data. Baadhi ya nyaya za kuchajia simu zina zile mbili za umeme peke yake. Kichwa chembamba cha waya wa simu huingia katika nusu ya lile tundu pana la diski za USB 3.0, kwa kuwa lilibuniwa kwa makusudi lipokee waya wa zamani. Umbo hulingana, umeme hupita, na maneno hayapiti. Fundi wa kwanza aliitazama taa ikiwaka, akakata shauri kwamba waya ni mzima. Ushahidi wake ulikuwa wa umeme, hitimisho lake likawa la data.

Yafaa kutofautisha ukimya huo na ule ujumbe unaosema kwamba kifaa cha USB hakikutambuliwa. Anayeuona ujumbe huo hukata tamaa, na kumbe ana habari njema kiasi: tarakilishi imehisi mgeni, imeuliza jina, na jibu limefika likiwa limekatika au halikufika kwa wakati. Hodi imesikika. Kosa aghalabu ni waya uliochoka, tundu lililolegea, umeme mdogo, au ile bodi ndogo ya saketi iliyo kati ya waya na diski. Kwenye matundu mapana ya diski za kubeba ulegevu huu ni wa kawaida mno, hasa kwa sisi tunaozibeba zikiwa na waya umening'inia.

Bodi hiyo ya kati inastahili aya yake, maana imewapoteza wengi. Diski nyingi za nje ni diski ya kawaida iliyofichwa ndani ya kasha, na bodi ndogo inayotafsiri lugha ya diski kuwa lugha ya USB. Mkalimani akifa, mwenye habari yu hai: fundi anaweza kuitoa diski na kuitia katika kasha jingine, na mambo yakaendelea. Hata hivyo, wako watengenezaji wanaounda tundu la USB moja kwa moja katika bodi ya diski, na wengine ambao mkalimani wao husimba data yote inayoandikwa hata kama mwenyewe hukuwahi kuweka nywila. Diski ya namna hiyo ukiihamishia kasha jingine utaona mchanganyiko usiosomeka, na utadhani umepoteza kila kitu. Mwulize fundi kama anaijua aina hiyo kabla hajashika bisibisi.

Mgeni aliyepokewa na kusahaulika ukumbini

Hali ya tatu ni nyepesi na nitaipita haraka. Diski imejitambulisha barabara, lakini haionekani katika orodha ya kawaida ya tarakilishi. Katika Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, uandike diskmgmt.msc, na programu ya kusimamia diski itafunguka. Ukiiona diski yako hapo, umeme na waya vimekwisha kuondolewa katika orodha ya washukiwa. Pengine sehemu yake haina herufi, au herufi yake imechukuliwa na diski ya mtandao wa chuo. Ipe herufi nyingine na mara itajitokeza. Pengine programu endeshi ya kifaa imevurugika. Iondoe katika orodha ya vifaa, chomoa diski, washa upya, chomeka. Pengine diski ni nzima kabisa na kinachokosekana ni lugha: iliyoandaliwa katika Mac kwa mfumo wa HFS+ au APFS haisomwi na Windows isiyoongezewa programu maalumu, na iliyoandaliwa katika Linux kwa ext4 haitaonekana kama kawaida. Mac nayo huusoma mfumo wa NTFS wa Windows lakini haiuandiki. Kabla ya kutibu, uliza diski imetoka kwa nani.

Katika dirisha hilohilo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni pale programu inapodai kwamba diski haijaanzishwa na kukuomba uianzishe. Ikiwa diski ilikuwa na data jana, usikubali. Tarakilishi inasema kwamba haijaiona orodha ya sehemu za diski, na dawa yake ni kuandika orodha mpya, tupu. Mtego wa pili ni ule ulioninusa mimi.

Swali la kufomati

Watunga istilahi wametupa kuumbiza. Neno zuri, lakini katika muktadha huu nachelea kulitumia, kwa sababu linasikika kama uumbaji, na tendo lenyewe kwa mwenye data ni kinyume chake. Nitasema kufomati.

Tarakilishi huuliza swali hili inapoona sehemu ya diski na ukubwa wake lakini haiwezi kuusoma mfumo wa faili uliomo. Mfumo wa faili ni kama kabati la kadi katika maktaba ya zamani: kadi husema kitabu kipi kiko rafu gani. Nilipouchomoa waya pale Pate, tarakilishi ilikuwa katikati ya kuandika kadi. Diski yangu ilikuwa ya mfumo wa exFAT, niliouchagua ili diski isomeke katika Mac ya rafiki na katika Windows za maabara. Mfumo huo haudumishi daftari la mabadiliko kama NTFS, yaani kumbukumbu inayoiwezesha tarakilishi kujua ilikuwa ikifanya nini umeme ulipokatika. Kadi zikavurugika. Vitabu vilikuwa bado rafuni.

Kufomati kwa haraka ni kulichoma kabati la kadi na kuweka jipya lisilo kitu. Vitabu hubaki, kwa muda, hadi kitabu kipya kiwekwe juu ya cha zamani. Kufomati kikamilifu ni balaa zaidi. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, tendo hilo huandika sifuri katika diski nzima, na hapo hakuna fundi wala maabara itakayorejesha kitu. Tofauti kati ya matendo haya mawili ni alama moja ndogo ya vema katika dirisha. Kwa diski zisizo na sahani zinazozunguka, zile za SSD, hata kufomati kwa haraka kunaweza kuwa mwisho wa habari, kwani tarakilishi huweza kuiarifu diski kwamba nafasi yote sasa ni tupu, nayo diski ikajisafisha yenyewe.

Kuna pia amri ya chkdsk ambayo mafundi huipenda. Ni amri nzuri kwa diski nzima yenye kasoro ndogo. Kwa diski yenye data ya pekee si ya kuanzia, maana inaporekebisha hurekebisha juu ya diski ileile, na kadi isiyoielewa huweza kuitupa. Kanuni niliyojiwekea tangu siku hiyo ni kwamba diski yenye nakala ya pekee haiandikwi chochote, hata kwa nia njema, mpaka yaliyomo yawe yamenakiliwa kwingine.

Tanakali za sauti kama ushahidi

Iko hali moja ambayo inatakiwa ijulikane mapema, na wanafunzi wa Kiswahili wana kipaji nayo: kusikiliza. Ndani ya diski ya sahani mna vichwa vya kusomea vinavyoelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Sahani huzunguka, katika diski nyingi za kubeba, mara 5,400 kwa dakika. Diski ikianguka sakafuni ikiwa inazunguka, vichwa huweza kugonga sahani.

Mngurumo laini usiokatika ni dalili njema. Mlio mwembamba wa ti-ti-ti, bila mzunguko, humaanisha mota inajaribu kuanza na kushindwa, ama kwa umeme mdogo, ama kwa vichwa vilivyonata juu ya sahani. Ikiwa kubadilisha tundu na waya hakuuondoi mlio huo, acha. Mgongo wa ta! ta! ta! kwa mpigo sawasawa ndio mbaya zaidi: kichwa kinatafuta alama za kukiongoza katika sahani, hakizioni, kinarudi mwanzo na kujaribu tena. Kila pigo laweza kuwa linakwaruza habari yako. Zima papo hapo. Usiijaribu "mara moja ya mwisho".

Hapo zimezagaa tiba za mitaani. Ya kuigandisha diski katika jokofu ina wafuasi wengi. Kinachosahaulika ni umande unaofanyika ndani chombo baridi kinapotolewa katika hewa yenye joto, na mwenye kuijaribu Mombasa au Lamu atakuwa amejitafutia. Ya kuifungua na kuipuliza vumbi ni mbaya kuliko hiyo, kwa sababu chembe moja ya vumbi ni kubwa mno ikilinganishwa na ule mwanya. Diski inayogonga ni ya maabara yenye chumba safi, na gharama yake ni kubwa. Kwa tasnifu nyingi gharama hiyo haitalipika, na yafaa mtafiti alijue hilo angali nyanjani.

Kunakili, kisha kutafuta

Diski yangu, kwa bahati, ilinguruma. Mhadhiri mmoja wa idara ya jirani alinionyesha njia, nami naieleza jinsi nilivyoifuata. Kwanza tulitafuta diski nyingine kubwa kuliko ile. Kisha, katika tarakilishi iliyowashwa kwa Linux, tulitumia programu huria ya ddrescue kunakili kila kipande cha diski kama kilivyo, bila kujali faili wala majina, tukapata taswira kamili ya diski katika faili moja kubwa. Ubora wa programu hiyo ni kwamba ikikuta mahali pabovu hairudiirudii papo hapo. Huandika pembeni, ikaendelea na palipo pazima, ikarejea pabovu mwishoni. Kazi ilichukua usiku mzima. Tangu hapo sikuigusa tena diski ya asili, na makosa yote niliyoyafanya baadaye, nayo hayakuwa machache, niliyafanya juu ya nakala.

Programu ya TestDisk, ambayo hujaribu kurejesha orodha ya sehemu na kabati la kadi, haikufua dafu kwangu. Mwenziwe, PhotoRec, hufanya kazi kwa njia nyingine. Hupuuza kadi kabisa na kupita rafu kwa rafu ikitafuta sura za vitabu: faili ya WAV huanza kwa alama maalumu zinazojulikana, na baada yake hutajwa urefu wa sauti. Zote mbili hazilipiwi. Jambo moja tu ni la lazima: faili zinazopatikana zihifadhiwe katika diski nyingine, wala si katika ileile inayotafutwa.

Daftari langu lilikuwa na orodha ya rekodi 61. PhotoRec ilinipa 58. Mbili kati ya hizo zilikuwa na sauti ya siku moja iliyounganishwa na kipande cha siku nyingine, kwa kuwa vipande vyake havikuwa vimeandikwa mfululizo katika diski.

Faili zisizo na majina

Nilifurahi kwa muda wa kama saa moja. Majina ya faili hukaa katika kadi, na kadi zilikuwa zimepotea. Nilichokuwa nacho ni faili 58 zenye herufi f ikifuatwa na tarakimu. Tarehe zote zilikuwa za siku ya kurejesha. Nani anaimba, wapi, lini, kwa ruhusa ya nani: hayo yote nilikuwa nimeyaandika katika jina la faili, kwa fahari, kufuatana na mfumo niliouona nadhifu sana.

Zilizonusurika kwa urahisi ni rekodi 37 ambazo mwanzoni mwake nilikuwa nimesema kwa sauti yangu tarehe, mahali na jina la mwimbaji. Desturi hiyo nilifundishwa na msimamizi wangu, mtu wa enzi za kanda, nami niliifuata nilipokumbuka na kuiacha nilipoona haya mbele ya watu. Rekodi hizo zilijitambulisha. Nyingine 21 nilizisikiliza moja baada ya nyingine, daftari mkononi. Adhana ilinisaidia kukadiria saa. Mlio wa mashine ya kusaga ulinisaidia kujua nyumba. Mvua niliyoiandika pembezoni mwa ukurasa, bila sababu yoyote ila uchovu, ilinipa rekodi nne kwa mkupuo. Urefu wa kila rekodi, ambao nilikuwa nimeunukuu kutoka kwenye kioo cha kinasasauti, ulinipa tisa zaidi.

Mtafiti atakayeuliza afanye nini kabla ya kuondoka ataona kwamba mambo ni machache: asiifute kadi hadi nakala mbili ziwepo mahali pawili, na moja isisafiri katika mkoba uleule na nyingine, aiage diski kwa ile amri ya kuondoa kwa usalama, hata kama Windows za tangu mwishoni mwa mwaka 2018 zimepangwa kustahimili uchomoaji wa ghafla kuliko za zamani, kwani hakuna mpangilio unaoikomboa faili ambayo bado inaandikwa, na jina la mwimbaji aliseme ndani ya sauti yenyewe. Kadi za kumbukumbu zimekuwa rahisi mno kiasi kwamba mimi sasa sifuti. Hununua nyingine, huandika tarehe juu ya kifuko chake kwa kalamu ya wino mzito, na huirejesha nyumbani kama ilivyo.

Kwa hesabu hiyo zilibaki rekodi chache nisizozijua, na mojawapo ilinitia mashaka zaidi. Ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto, wa dakika nne, sauti ya mwanamke mzee. Kwa mujibu wa daftari ungeweza kuwa wa yule bibi aliyefariki, au wa jirani yake waliyekuwa wakiketi pamoja alasiri hiyo. Nilitaka uwe wake. Niliusikiliza mara nyingi hata sikio langu likawa halifai kuwa shahidi.

Mwaka 2020, mapema, niliurudisha Pate katika simu yangu, nikamsikilizisha mjukuu wake mbele ya mama yake. Walisikiliza hadi mwisho bila kusema neno. Mjukuu akasema anayeimba si bibi yake, ni jirani. Mama yake akaomba nirudishe nyuma kidogo, kabla ya beti la mwisho, palipo na mtu anayekohoa mbali na kinasasauti. Huyo, akasema, ndiye yeye.